Faili haipotei kwenye tarakilishi, jina ndilo huipoteza

MKULIMA anaingia katika ofisi ya chama cha ushirika akiwa na ombi dogo. Anataka kuona kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwaka 2017, ambapo wanachama walikubaliana kiasi cha fedha ambacho kingekatwa kutoka kwa malipo ya maziwa yao. Karani hana wasiwasi wowote. Kumbukumbu zote, asema, zimo kwenye tarakilishi.

Anafungua folda iliyoandikwa “Mikutano”. Ndani mna mamia ya faili. Moja inaitwa “Kumbukumbu”, nyingine “Kumbukumbu mpya”, ya tatu “Kumbukumbu za mwisho” na ya nne “Kumbukumbu za mwisho kabisa”. Baada ya saa nzima ya kufungua na kufunga, mkulima anaambiwa arudi wiki ijayo.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini aliyewahi kufanya kazi ofisini hatakosa kukitambua. Aghalabu lawama huelekezewa mashine, kwamba “imemeza” faili. Ukweli ni kwamba faili iko pale pale ilipowekwa. Kilichopotea ni njia ya kuifikia, na njia hiyo hutengenezwa na binadamu kwa mambo mawili: jina analoipa faili, na folda anamoiweka.

Suala hili si la unadhifu pekee. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 ilimpa mwanachama haki ya kupata habari halali kuhusu chama chake, zikiwemo kumbukumbu za mikutano mikuu na hesabu za kila mwaka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nayo Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma iliyopokea ombi kutoa uamuzi kabla ya siku 21 kupita. Haki hizo zote husimama juu ya dhana moja: kwamba anayeombwa habari anajua ilipo.

Mashine haijui maana

Ili kuelewa jinsi ya kupanga faili, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi tarakilishi yenyewe inavyozipanga. Mtumiaji anapoagiza faili zipangwe kwa majina, mashine haisomi maneno kama asomavyo binadamu. Hulinganisha herufi ya kwanza ya jina moja na herufi ya kwanza ya jina jingine. Zikilingana, huenda kwa ya pili, kisha ya tatu, hadi ipate tofauti.

Ulinganisho huo hutegemea nambari. Kila herufi, tarakimu na alama ina nambari yake ndani ya mashine. Katika mfumo wa ASCII, ulioanzishwa Marekani katika miaka ya 1960, tarakimu 0 ina nambari 48, herufi kubwa A ina nambari 65, na herufi ndogo a ina nambari 97. Mfumo wa Unicode, ambao leo hutumika kote duniani, ulidumisha nambari hizo. Ndiyo sababu katika tarakilishi nyingi faili ambazo majina yake huanza kwa tarakimu hutangulia zile zinazoanza kwa herufi.

Hapa ndipo wengi hushangaa. Chukua faili tatu: “Sura 1”, “Sura 2” na “Sura 10”. Kwa kanuni hii ya kulinganisha alama moja moja, “Sura 10” hutangulia “Sura 2”, kwa kuwa tarakimu 1 huja kabla ya 2. Mashine haijaona kumi wala mbili. Imeona moja na mbili, ikakata shauri.

Watengenezaji wa programu walilitambua tatizo hili. Tangu Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, dirisha la kuonyesha faili katika mfumo huo huzitambua tarakimu zilizofuatana kuwa ni nambari moja, na hivyo huweka 2 kabla ya 10. Hata hivyo, si kila programu hufanya hivyo. Faili zile zile zikipelekwa kwenye mfumo mwingine, huenda zikarejea katika mpangilio wa zamani.

Dawa yake ni sahili. Nambari ziandikwe kwa idadi sawa ya tarakimu: 01, 02, 03 hadi 10. Inapotarajiwa kwamba faili zitapita 99, basi ianziwe 001. Sufuri hiyo moja au mbili mbele ya nambari huhakikisha kwamba mpangilio haubadiliki, faili ziwe kwenye mashine ya ofisini, kwenye simu au kwenye mtandao.

Mitego ya Kiswahili

Kwa mtumiaji anayeandika majina ya faili zake kwa Kiswahili, kuna mitego zaidi. Wa kwanza ni miezi. Ofisi ikiwa na ripoti 12 za mwaka, kila moja ikianza kwa jina la mwezi, tarakilishi itazipanga hivi: Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari, Julai, Juni, Machi, Mei, Novemba, Oktoba, Septemba. Mwaka unaanzia Agosti, na Julai inatangulia Juni.

Siku za wiki nazo hazina nafuu. Alhamisi hushika nafasi ya kwanza, ikifuatwa na Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatano na hatimaye Jumatatu. Vivyo hivyo kwa mwalimu anayehifadhi orodha za wanafunzi kwa maneno. Kidato cha Kwanza kitafuatwa na Kidato cha Nne, kisha cha Pili, kisha cha Tatu.

Mtego wa pili umo katika sarufi yenyewe. Katika Kiswahili, wingi huonekana mwanzoni mwa neno, na mwanzo wa neno ndio unaoongoza mpangilio. “Kikao” kitakuwa kwenye K, ilhali “Vikao” vitaangukia kwenye V, mwisho wa orodha. “Cheti” na “Vyeti” havitaonana. Hata “Mikutano” na “Mkutano”, yote ya M, yanaweza kutenganishwa na “Mishahara”, kwa kuwa Mi hutangulia Mk.

Waandishi wa kamusi walikabiliana na jambo hili zamani. Nomino huorodheshwa kwa umoja wake, na kiambishi cha wingi hutajwa baadaye. Ofisi nayo yafaa iige mfano huo: ichague umoja na kudumu nao. Faili zote za vikao zianze kwa neno “Kikao”, ziwe moja au mia moja, nazo zitakaa pamoja.

Mtego wa tatu ni nambari za Kirumi, ambazo ofisi nyingi hutumia kuonyesha juzuu za faili. Kwa binadamu, IX ni tisa. Kwa mashine, IX ni herufi I ikifuatwa na X, kwa hivyo huwekwa kabla ya V. Juzuu ya tisa itatangulia ya tano, na anayetafuta kwa haraka atadhani kuna juzuu zilizopotea.

Tarehe ianze kwa mwaka

Nchini Kenya, tarehe huandikwa kuanzia siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Desturi hii haina ubaya katika barua. Katika jina la faili, hata hivyo, huleta vurugu. Faili za “01-03-2019”, “01-07-2015” na “02-01-2012” zitapangwa kwa siku ya mwezi: tarehe mosi zote za miaka yote zitakaa pamoja, kisha tarehe mbili zote, na kadhalika.

Zaidi ya hayo, tarehe yenyewe inaweza kusomwa kwa njia mbili. Kwa Mkenya, 03/04/2019 ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Shirika linalopokea ripoti kutoka nchi zote mbili halitajua ni ipi iliyotangulia.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilichapisha mwaka 1988 kiwango kinachojulikana kama ISO 8601. Kinaagiza tarehe ianze kwa mwaka wenye tarakimu nne, ufuatwe na mwezi wenye tarakimu mbili, kisha siku yenye tarakimu mbili: 2019-04-03. Faida yake ni kwamba mpangilio wa majina na mpangilio wa wakati huwa kitu kimoja. Mashine haihitaji kujua kalenda. Inalinganisha tarakimu tu, na matokeo yanakuwa sahihi.

Wakenya wengi wanao mfano wa jambo hili mifukoni mwao bila kutambua. Picha iliyopokelewa kupitia WhatsApp kwenye simu ya Android huhifadhiwa kwa jina kama IMG-20190403-WA0005. Hapo mna mwaka, mwezi, siku, kisha nambari ya picha ikiwa na sufuri mbele. Kanuni zote mbili zimefuatwa.

Je, kwa nini mtumiaji asitegemee safu ya tarehe ambayo tarakilishi huonyesha kando ya jina? Kwa sababu tarehe hiyo si ya hati, bali ni ya faili. Huonyesha siku faili ilipobadilishwa mara ya mwisho. Karani akifungua kumbukumbu za 2017, akasahihisha herufi moja na kuhifadhi, faili hiyo hurukia tarehe ya leo. Katika Windows, faili inaponakiliwa hadi kwenye diski nyingine, tarehe ya kuundwa kwake huwa ni siku ya kunakiliwa. Tarehe iliyo ndani ya jina haihamishwi na mambo hayo.

Kubwa litangulie dogo

Kanuni ya kuanza na mwaka ni sehemu ya kanuni pana zaidi, ambayo watunzaji wa nyaraka wameifuata tangu enzi za karatasi: jambo kubwa hutangulia, dogo hufuata. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965 na ambayo jumba lake liko Moi Avenue jijini Nairobi, mtafiti anayesoma faili za ukoloni za Pwani hukutana na nambari zinazoanza kwa PC/COAST/1/1. Kwanza hutajwa ofisi iliyoiunda faili, yaani ya mkuu wa mkoa, kisha mkoa wenyewe, kisha kundi, kisha nambari ndani ya kundi. Mhudumu wa hifadhi huitafuta faili kama apandaye ngazi, hatua kwa hatua.

Folda za tarakilishi zilibuniwa kwa mfano huo huo. Tarakilishi ya Xerox Star, iliyotolewa mwaka 1981, iliwaonyesha watumiaji wake picha ndogo za folda na hati, kana kwamba wamekaa mbele ya meza ya ofisi. Wazo hilo likaenea hadi likawa la kawaida kwa kila mtu.

Kwa chama cha ushirika, folda ya juu inaweza kuwa “Mkutano”, ndani yake folda ya kila mwaka, na ndani ya mwaka faili zenyewe. Ngazi tatu zatosha kwa ofisi nyingi. Wanaojenga folda ndani ya folda hadi ngazi ya nane au tisa hujitafutia taabu. Programu nyingi za Windows zimezoea mpaka wa herufi 260 kwa anwani nzima ya faili, yaani majina yote ya folda yakijumlishwa na jina la faili lenyewe. Mpaka huo ukipitwa, faili inaweza kukataa kunakiliwa au kufunguliwa.

Upande wa pili, folda moja yenye kila kitu ni sawa na gunia. Kipimo kizuri ni jicho: mtu akifungua folda, aweze kuona yaliyomo na kuelewa mantiki yake bila kusogeza orodha kwa dakika nzima.

Tatizo la mkwaju

Kuna kikwazo kimoja kinachozikabili hasa ofisi za Kenya. Nambari nyingi rasmi nchini huandikwa kwa mkwaju, yaani alama ya /. Nambari za mashamba huwa nao, na vivyo hivyo nambari za barua za serikali na za usajili wa wanafunzi wa vyuo vikuu. Lakini Windows hairuhusu mkwaju katika jina la faili. Hairuhusu pia nukta pacha, alama ya kuuliza, kinyota, alama za nukuu na nyingine chache, kwa kuwa baadhi ya alama hizo zina kazi maalumu ndani ya mfumo wenyewe.

Kwa hivyo kila karani hubuni njia yake. Mmoja huweka kistari, mwingine nukta, wa tatu huacha nafasi, na wa nne huunganisha nambari zote. Hati nne za shamba moja hutawanyika katika sehemu nne za orodha. Anayezitafuta akiipata moja, huamini amezipata zote. Katika mzozo wa ardhi, hati ambayo haikuonekana inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa na saini.

Uhamishaji wa kumbukumbu kutoka karatasi hadi tarakilishi hauondoi hatari hii peke yake. Serikali ilipozindua mfumo wa Ardhisasa mnamo Aprili 2021, ukianzia Nairobi, lengo lilikuwa kuwawezesha wananchi kupata huduma za ardhi kupitia mtandao. Mifumo mikubwa ya aina hiyo ina hifadhidata zenye kanuni zake. Ofisi ndogo iliyo na skana moja na tarakilishi moja haina. Kanuni yake ni ile itakayoandikwa na watu wake. Inatosha wakubaliane kwamba mkwaju utageuzwa kistari, kila mara na kwa kila mtu.

Ya “mwisho” ni ipi?

Pengine hakuna neno lililoleta hasara kubwa katika majina ya faili kuliko “mwisho”. Rasimu huandikwa, ikaitwa ya mwisho, kisha mwenyekiti akaongeza jambo. Sasa kuna “ya mwisho kabisa”. Mweka hazina akirekebisha tarakimu moja, hutokea “ya mwisho halisi”. Siku ya kutuma bajeti, hutumwa ile isiyo na marekebisho.

Toleo la hati lipewe nambari, si sifa. “2024-06-30 Bajeti 01”, kisha 02, kisha 03. Likishaidhinishwa, neno “Imeidhinishwa” liongezwe kwenye jina la toleo hilo moja tu, na rasimu zihamishiwe folda yake. Hapo hata mgeni ataijua yenye nguvu.

Wapo wanaouliza kama taabu yote hii ni ya lazima, ilhali tarakilishi za leo zina uwezo wa kutafuta faili kwa neno moja. Utafutaji huo ni msaada mkubwa, lakini humsaidia anayekumbuka neno. Hati iliyoskaniwa, mathalani, ni picha. Isipopitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi, mashine haioni neno lolote ndani yake, na ikiwa skana imeipa jina “Scan0047”, hakuna cha kutafuta. Tena, utafutaji hauonyeshi pengo. Orodha iliyopangwa vyema kwa mwaka na mwezi humwonyesha mtu mara moja kwamba kumbukumbu za Septemba hazipo.

Pa kuanzia

Ofisi yenye maelfu ya faili zilizovurugika haina haja ya kuzibadilisha zote kwa siku moja. Hatua ya kwanza ni kutengeneza nakala ya akiba ya kila kitu na kuiweka mahali tofauti. Hatua ya pili ni kuandika kanuni za majina kwenye ukurasa mmoja: tarehe kuanzia mwaka, aina ya hati kwa umoja, nambari zenye sufuri mbele, kistari mahali pa mkwaju. Ukurasa huo ubandikwe ukutani, na nakala yake iwekwe ndani ya folda ya kwanza.

Hatua ya tatu ni kuanza na faili za leo. Kila hati mpya ifuate kanuni. Za zamani zitarekebishwa kadiri zinavyoombwa: faili inayotafutwa leo hupewa jina sahihi kabla ya kurudishwa. Baada ya mwaka mmoja, zile zinazotumika sana zitakuwa zimepangika, na zitakazobaki ni zile ambazo hazijaulizwa na mtu.

Kanuni hizo zina thamani zaidi siku karani anapostaafu au kuhamia kwingine. Aliyezoea fujo yake mwenyewe anaweza kuipata faili kwa kumbukumbu za kichwani. Akiondoka, huondoka na kichwa chake. Anayemrithi hukuta mashine iliyojaa hati na asiyejua hata moja.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Tarakilishi ni daftari la siku hizi, lakini daftari lisilosomeka halina tofauti na kutokuwa nalo. Faili inayoitwa “2017-03-18 Mkutano Mkuu Kumbukumbu Imeidhinishwa” ingemwezesha yule mkulima kuona, kwa muda wa kubofya mara mbili, ni kiasi gani alichokubali kikatwe kwenye maziwa yake. Inayoitwa “Kumbukumbu za mwisho kabisa” humrudisha nyumbani akiwa na nauli pungufu na shaka moyoni.